Diwani Aliyekuja na Jani la Isale

Swali lilikuwa moja tu, na watu wa kitongoji chetu walinichagua mimi niliulize: mabomba yako wapi? Mtaro tulikuwa tumeuchimba wenyewe, kutoka kwenye chanzo huko juu hadi kwenye vihamba vya chini, mashamba yetu ya migomba. Mabomba nayo tuliyaona kwa macho yetu yakishushwa nyuma ya ofisi ya kata, meusi, yameviringishwa marundo marundo. Kisha asubuhi moja hayakuwapo. Likazuka neno kwamba yako tambarare, njia ya kwenda Holili, yanamwagilia nyanya za diwani wetu.

Mke wangu wakati huo alikuwa anashuka korongoni na ndoo kila siku, na goti lake la kushoto lilikuwa limeanza kukataa. Akishuka anaimba, akipanda hasemi kitu. Mimi, mwenyekiti wa kamati ya maji, nilikuwa nakunywa chai iliyopikwa kwa maji hayo huku nikiandaa swali. Nililifanyia mazoezi zizini. Ng'ombe alinisikiliza vizuri sana, akanifanya niamini kwamba nina kipaji.

Siku ya mkutano diwani alikuja kwa miguu. Gari lake aliliacha chini kwenye mashine ya kusaga, akapanda kilima na viatu vikapata matope ya kutosha kuonekana. Aliwaamkia wazee mmoja mmoja, shikamoo baba, shikamoo mama, hata wawili watatu ambao ni rika lake nao wakaitika marahaba kwa furaha. Halafu akasimama mbele, hakugusa kwanza habari ya mabomba. Alianza na bibi yake aliyemlea kwa mtori na maziwa mgando. Akaenda kwenye barabara, akauliza kama yupo asiyejua ilikuwaje zamani wakati wa masika. Akauliza kama yeye ni mtoto wa hapa au mgeni. Tukasema wa hapa. Akauliza kama mtoto wa hapa anaweza kumnyima mama yake maji. Kina mama wakacheka, wakasema hawezi. Ndipo akayataja mabomba, na kwa kweli hapakuwa na haja tena, maana jibu tulikuwa tumeshamtolea sisi wenyewe.

Nilikuwa bado nimejiandaa. Swali lilikuwa mdomoni. Akaingiza mkono ndani ya koti akatoa jani la isale.

Kwetu mlimani isale hupandwa mipakani na kwenye makaburi ya wazee. Mtu akikukosea, akakuletea jani lake kwa mikono miwili, unasamehe. Hata ugomvi uliomwaga damu umewahi kumalizwa hivyo. Kulikataa ni kuitia nyumba yako balaa, na wachungaji na mapadri wetu, waliotukataza mengi, hilo wameliacha lilivyo. Diwani alilishika jani, akawapita wazee wote wa mstari wa mbele, akasimama mbele yangu na kuinama.

"Baba," alisema, "kama kuna mahali nimekosea, nimekuja kama mtoto wako. Nipokee."

Ningependa kusema niliogopa balaa. Sikuiogopa. Kilichoniponza ni kwamba kati ya wazee wote alinichagua mimi, na siku hiyo nilikuwa nimevaa koti nililonunua sokoni Majengo wiki hiyo hiyo, na nikaona watu wote wananitazama mimi na koti. Nikasimama. Nikapokea. Kana kwamba haitoshi, nikamwekea mkono kichwani na kumbariki, jambo ambalo hakuniomba. Makofi yakapigwa. Katibu akauliza kama mwenyekiti wa kamati ya maji ana neno. Nilitazama jani mkononi mwangu nikasema sina.

Nyumbani mke wangu aliniuliza kama diwani amekiri. Nikamwambia ameomba msamaha.

"Wa nini?"

"Wa mahali alipokosea."

"Mahali gani?"

Nikamwambia kwamba mambo ya wazee hayaendi kwa kuhojiana hivyo. Akanyanyuka, akaleta ndoo, akaiweka miguuni pangu.

"Haya," alisema. "Na korongo nalo kalisamehe."

Kwa hiyo nikawa nashuka mimi. Njia ile ina mwinuko ambao kutoka kwenye kiti cha mwenyekiti hauonekani. Vijana wanaobeba mizigo ya watalii walinikuta nimekaa njiani nahema, wakaniamkia kwa adabu zote, kisha mmoja akasema, "Mzee, umepigwa na kitu kizito," na wakaenda zao wakicheka. Nilikuwa na muda mwingi wa kufikiri. Kwenye mwinuko ule ndipo nilipoanza kuyarudia maneno ya diwani moja baada ya jingine. Kama kuna mahali. Hakusema kuna. Hakusema wapi. Nilikuwa nimesamehe kitu nisichokijua, kama mtu aliyenunua gunia bila kulifungua.

Jumapili moja baada ya ibada kulikuwa na mnada nje ya kanisa, wa sadaka za mavuno. Diwani alikuwapo. Alinunua mkungu wa ndizi kwa bei ya kuwafurahisha watu, kisha akaurudisha uuzwe tena, na watu wakafurahi zaidi. Nikamsogelea, nikamshika mkono kwa heshima, nikauliza kwa sauti ile niliyoizoea zizini.

"Mheshimiwa, lile kosa nililokusamehe ni lipi?"

Akacheka. "Mzee wangu, msamaha ukishatolewa hauchimbuliwi."

"Sichimbui. Mama watoto ananiuliza kila siku, na naona aibu kwamba sijui. Kama hakuna kosa niambie tu hakuna, nikamjibu hivyo."

Watu wa mnada wakatugeukia. Bibi mmoja aliyekuwa ameshika kuku alisema, bila kumwelekea mtu, kwamba isale haishikwi kwa mchezo. Nikamwona diwani anatafuta njia, na kwa mara ya kwanza hakuwa na hadithi ya bibi yake. Akisema hakuna kosa, amelichezea jani mbele ya mlima mzima. Akilitaja, amelitaja. Alifuta paji la uso.

"Nilichelewesha mabomba," alisema.

"Kumbe yapo?"

"Yapo."

"Basi yakifika wiki hii, mama watoto hataniuliza tena."

Na hapa lazima nimpe haki yake. Hakukaa na aibu hata kidogo. Aliwageukia watu, akapaza sauti, akatangaza kwamba amekuja kusali nasi siku hiyo mahususi ili atupe habari njema ya mabomba. Wakampigia makofi. Nami nilipiga.

Yalifika Alhamisi. Dereva alisema ni mapya. Yalikuwa na udongo wa tambarare, si huu mwekundu wetu, yametobolewa vitundu kwa mpangilio mzuri, na kwenye tundu moja ulikuwa umenasa mzizi wa mnyanya. Baadaye walikuja watu wa kuzuia rushwa kuulizia jambo lile, na kitongoji kizima kikawajibu kwamba yalishaisha, mzee alipokea jani. Waliniuliza na mimi. Ningeweza kusema nilichopokea na nisichopokea. Nikasema yalishaisha, kwa kuwa mkono wangu ulishawekwa kwenye kichwa kile mbele ya watu, na bado nilikuwa naupenda ule mkono kuliko ukweli. Diwani bado ni diwani. Hilo ni la kwangu, simsukumii mtu.

Tulipoyalaza mtaroni na kufungulia maji, mtaro wote ulirusha vijito vyembamba juu kama umeota nywele. Nikapiga magoti na vipande vya mipira ya baiskeli, nikaanza kufunga tundu moja moja kuanzia juu. Mke wangu alinifuata nyuma taratibu, akichechemea, akinionyesha kwa fimbo yale niliyoyaruka. Yalikuwa mengi.