Balbu ya Chaki ya Njano

Nikisikia tena mtu anasema shida ya shule zetu ni lugha tu, nitagombana naye hapohapo. Nina sababu, na sababu yenyewe ni Mwalimu Bernadetta.

Bernadetta Kahigwa ni mama wa Kihaya kutoka Muleba, aliyeletwa huku Usagara na ajira akiwa binti, akaolewa hapa, akazeekea hapa. Anafundisha sayansi darasa la tano, watoto wamebanana mpaka dirishani. Kila mwaka akifika mada ya umeme, anachora balbu ubaoni kwa chaki ya njano. Muhtasari unataka mwanafunzi aunganishe betri, waya na balbu mpaka taa iwake. Wanafunzi wake wanachora.

"Selina," huniambia mimi mwalimu mwenzake, "nimewasha taa ya chaki maisha yangu yote. Nimechoka, jamani."

Basi wafadhili wakatuletea boksi la vifaa: betri, waya, balbu, kila kitu. Bernadetta akapiga vigelegele palepale ofisini bila aibu. Mwalimu Mkuu wetu, Mashimba, akalipokea, akalifungia kabatini, ufunguo mfukoni.

"Watoto watavunja," akasema. "Wageni wakija tutawaonyesha nini?"

Hivi kweli! Miaka ikapita, boksi limo tu. Bernadetta aliomba kwa upole, akaomba kwa ukali, akanuna. Mwaka huu, kwa kuwa anastaafu, akamng'ang'ania Mkuu mpaka akakubali: mgeni wa wafadhili akija na watoto wakafanya vizuri, boksi litahamia darasani. Mama wa watu akawa anakuja shule huku anaimba.

Siku ikafika. Mgeni, dada mmoja mchangamfu wa mjini, akakaa mbele, mimi nikasimama nyuma. Mkuu akaleta boksi, akachana nailoni za vifaa mwenyewe, taratibu. Bernadetta akamwita Precious, binti ambaye baba yake anatengeneza redio pale njia panda. Mgeni akamsomea karatasi ya maelekezo iliyokuwemo humo, Kiingereza kitupu. Precious hakuambulia neno, lakini kazi yenyewe aliijua. Akaunganisha waya huku, akaunganisha kule. Balbu kimya. Akageuza betri, akabadilisha waya. Kimya.

"Mwalimu," akanong'ona, "betri zimekufa."

"Nyamaza wewe!" Mkuu akamkata. "Zimetoka kwenye nailoni sasa hivi!"

Mgeni akatikisa kichwa kwa huruma. "Msimlaumu. Hajaelewa maelekezo. Tatizo letu kubwa ni lugha."

Hapo Bernadetta akashindwa kuvumilia. "Dada yangu, hata ukimwambia kwa Kihaya, hiyo taa haiwaki!"

"Mama ana utani," mgeni akacheka. Mkuu alishaanza kumwelekeza mlangoni, karibu chai, karibu chai.

Bernadetta akazitoa zile betri, akazigeuza. Zilikuwa zimevuja, unga mweupe umeganda miishoni. Zimeozea kabatini, zikisubiri wageni! Nilitamani kumfuata Mashimba na kumrushia moja. Precious alikuwa amejiinamia, analia, anaamini yeye ndiye aliyekosea.

Nikakumbuka tochi yangu ndogo, huwa natembea nayo kwenye mkoba kwa sababu ya umeme kukatika. Nikampa Bernadetta, akachomoa betri za tochi, akampa Precious. Binti akafuta machozi, akaunganisha waya zilezile. Balbu ikawaka.

Ungesikia kelele! Watoto walipanda juu ya madawati. Bernadetta alicheka na kulia kwa pamoja, akaita mwingine aje ajaribu, na mwingine. Hawajafika hata watano, Mkuu huyo mlangoni.

"Kelele za nini hizi? Mgeni anakunywa chai!"

"Mkuu, imewaka! Njoo uone."

Hakuangalia. Akakusanya waya, akachukua balbu ingali ya moto, akaondoka na boksi. Kwake watoto hawakufanya vizuri, na ahadi ikaishia hapo.

Juzi wafadhili wametuletea msaada mwingine: kamusi za Kiingereza, nzuri kabisa, kila moja kwenye nailoni yake. Mkuu amezipanga kabatini, juu ya boksi, zisichanwe.

Bernadetta anaaga Ijumaa hii. Jana nilipita dirishani kwake wakati wa marudio ya kujiandaa na mtihani. Alikuwa anachora balbu ubaoni, kipande cha chaki ya njano kimebaki kidogo. Darasa zima linachora. Precious amekaa mbele, amekunja mikono, hachori.