Mbigili za Mama Febronia

Martha alifika Unyambwa jua ndiyo kwanza linachomoza, maana mchumba anayejiheshimu hangoji kuoneshwa jembe. Siku hiyo alikuwa anakwenda kukaguliwa. Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha, vitambaa vya amerikani vimeanza kuonekana tena madukani, na Leonidas alikuwa amemwambia wazi: mama akikukubali, na baba mdogo Stefano akikukubali, tunafunga ndoa baada ya Pasaka.

Mama mwenyewe, Febronia, alikuwa kisimani. Martha akautazama ua, akashika kiuno. Mbigili zimetambaa hadi mlangoni, kishona nguo kimejipanga kwa mistari kama mtama, na vimea vingine hata jina havina! Masikini mjane wa watu, akawaza, hana wa kumsaidia. Akajifunga kanga, akainama, akalima. Alilima kwa kutafuta sifa, tuseme ukweli. Febronia aliporudi, ua ulikuwa mweupe.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.” Febronia aliutua mtungi polepole. “Umeng’oa yote?”

“Yote, mama.”

Febronia alimkaribisha ndani, na huko ndiko Martha alikoona. Kitambaa kirefu cha amerikani kilikuwa kimetandazwa juu ya ngozi, na juu yake yamechapwa majani ya mbigili, mawili mawili, kwa rangi ya kahawia ya magome yaliyochemshwa, mpaka mishipa ya jani inahesabika. Nusu nyingine ilikuwa tupu.

“Ni cha altare, cha Pasaka,” Febronia alisema. “Jani nalipaka rangi likiwa bichi, nalikandamiza kwa kiganja. Likinyauka linaacha doa tu. Hayo ya nje nimeyapanda na kuyamwagilia miaka mitatu.”

Martha alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikimbia nje, akachambua lile rundo, lakini jua lilikuwa limeshafanya kazi yake. Walijaribu majani manne kwenye kitambaa kikuukuu, yakatoka madoa manne. Na mvua zilikuwa zimekatika, mbigili za kwingine zimeshakauka.

Mchana akaja Stefano, ndugu wa marehemu mume wa Febronia. Yeye ndiye katekista aliyeagiza kitambaa. Akaitazama ile nusu tupu.

“Shemeji, Pasaka ni Jumapili ijayo. Kumetokea nini?”

Martha alikuwa amepiga magoti na kibuyu cha togwa mkononi.

“Nilimwambia binti ang’oe yote,” Febronia alijibu. “Mimi mwenyewe. Nilisahau, shemeji. Kichwa changu siku hizi si kizima.”

Martha alifumbua kinywa. Maneno yenyewe yalikuwa machache: si kweli, ni mimi. Lakini mawazoni alimwona Leonidas, aliiona harusi, akafumba. Akamimina togwa, na aibu ikamchoma kuliko jua la kule uani.

Stefano alikikunja kitambaa. Alisema kwa upole kwamba kazi za altare sasa apewe mtu mwingine, shemeji apumzike. Tangu afiwe, Febronia hakuwa na kazi nyingine aliyoipenda.

“Sawa, shemeji,” alisema.

Kisha Stefano akamgeukia Martha, uso umekunjuka. “Binti anayefanya alilotumwa na mama mkwe bila kuuliza, huyo ndiye tunayemtaka nyumbani kwetu.”

Martha aliinamisha kichwa kuzipokea sifa hizo, na aliyeanza kupiga vigelegele alikuwa Febronia.