Pilipili ya Nanasi ya Bi Mwanaidi

Nilipokuwa mtoto, kule kwetu Kinole, milimani, nilikatazwa kuonja pilipili yenye utamu. Bibi alisema pilipili ya Mungu inawasha tangu mwanzo. Ikianza na utamu ujue imetiwa dawa, na ukishaila ulimi wako si wako tena. Utasema atakalo mtu mwingine. Aliyasema hayo huku akimenya ndizi, kwa sauti ile ile ya kutukataza kupiga mluzi ndani ya nyumba, na sisi wajukuu tuliamini yote kwa pamoja.

Pilipili ya namna hiyo aliipika mtu mmoja tu, Bi Mwanaidi, mjane wa mjomba wangu mdogo. Mjomba alimwoa kule Ngerengere akampandisha mlimani, wakafyeka pori na kupanda mananasi. Alipofariki, mkewe akabaki peke yake, bila mtoto. Mananasi yaliyoiva kupita kiasi hakuyatupa. Aliyachemsha na pilipili kichaa, ndimu na sukari kidogo mpaka yakawa mazito kama asali, na harufu yake tuliikuta njiani tukitoka shule.

Siku moja nikashindwa kupita.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Marahaba, mwanangu. Njaa hiyo?"

Akakata kipande cha muhogo wa kuchoma, akakichovya, akanipa. Kwanza lilikuja nanasi, tamu hata nikatabasamu. Kisha moto ukapanda taratibu hadi puani, machozi yakanitoka, na bado nikanyoosha mkono kuomba tena. Bi Mwanaidi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Ukifika nyumbani sema umekula kwangu," aliniambia. "Usifiche."

Nilificha.

Siku ya tatu nikashikwa na homa kali. Zahanati walinipima, wakasema malaria, wakanipa vidonge. Mama aliyasikia kwa masikio yake mwenyewe. Lakini tuliporudi nyumbani alikuja Mjomba Salumu, mkubwa wa ukoo. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada zake. Akaketi ukingoni mwa kitanda. Kumbe kuna mtu alikuwa ameniona.

"Ulikula nini kwa Mwanaidi?"

"Pilipili tamu."

"Akakwambia usimwambie mtu. Siyo?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nilimwogopa, na nilijua jibu alilolitaka. Bibi alisema kweli: ulimi wangu haukuwa wangu siku ile. Ila aliyeushika hakuwa mpika pilipili.

Alasiri hiyo hiyo Mjomba na jamaa wa ukoo walikwenda kwa Bi Mwanaidi. Mama alinibeba mgongoni, maana Mjomba alitaka shahidi. Walivunja vyungu, pilipili ikamwagika uani, kuku wakaidonoa na kutikisa vichwa, na watu wakasema, mnaona uchawi huo? Bi Mwanaidi hakupiga kelele. Alinitazama mimi.

"Hidaya, mwanangu, nilikwambia nini siku ile?"

Nikaficha uso kwenye kanga ya mama. Mama alijua malaria ni malaria, na hakufungua mdomo.

Kesho yake Bi Mwanaidi aliteremka mlimani na furushi moja. Kabla mvua za masika hazijaanza, Mjomba Salumu alikuwa anapalilia lile shamba la mananasi.

Mwaka jana tulikuwa na harusi ya binamu yangu kule Kihonda, mjini. Mezani waliweka pilipili ya nanasi, imo kwenye chupa nzuri ya dukani. Mjomba, sasa mzee wa mvi, aliimimina juu ya pilau, akalamba kidole, akaagiza chupa nyingine.

"Mjomba," nikamwambia, "hii haina dawa?"

Akacheka. "Aa, mambo ya zamani hayo, mama. Tulikuwa washamba."

Tulikuwa washamba! "Na shamba? Nalo ni la zamani?" Mama akanifinya paja, kama vile bado nina miaka tisa.

Nilimtafuta Bi Mwanaidi miezi miwili, nikampata Dumila, anauza nyanya kando ya barabara, amekonda, macho ni yale yale. Nilipiga magoti pale pale kwenye vumbi, nikamwambia yote. Nilitaka anitukane. Hakunitukana.

"Wewe ulikuwa mtoto," alisema. "Salumu hakuwa mtoto. Mama yako hakuwa mtoto." Akapanga upya fungu la nyanya. "Shamba bado lipo?"

"Lipo."

"Basi, siku hizi wewe ni mtu mzima."

Alhamisi tunakwenda naye baraza la kata kudai shamba lake. Mama amenipigia simu mara nne, analia, anasema ninaupasua ukoo. Ninampenda mama yangu, na simu zake napokea zote. Lakini nimegundua kwamba miaka yote hii sikuwa nawaogopa wachawi. Niliwaogopa jamaa zangu, watu wema wanaoswali swala tano, ambao walijua ukweli na wakaona ni nafuu kunyamaza. Nami nilikuwa mmoja wao.

Nitasema, na Mjomba atakuwa amekaa mbele yangu.