Kaya ya Bibi

Turubai jipya likipigwa na jua hunuka kama mpira unaotaka kuungua. Harufu hiyo ilijaa uwanja wa shule msimu ule nilipokuwa na miaka tisa, baada ya ardhi kutitia juu ya mashimo ya zamani ya dhahabu na kuta za nyumba zetu, huko Geita vijijini, kupasuka. Tuliletewa mahema, maharage na mablanketi. Karani wa misaada, kijana mpole kutoka mjini, alitupangia hema moja: baba, mama, sisi watoto wanne, na bibi mzaa mama.

Bibi alitandika mkeka nje, akakaa. Kwetu Wasukuma mama mkwe halali chumba kimoja na mume wa binti yake; hata njiani hukwepana. Baba naye, kwa heshima ileile, akagoma kuingia. Mawingu ya masika yalikuwa yameshajaa upande wa ziwa.

"Bibi, umegombana na mkweo?" karani aliuliza.

"Angekuwa mbaya ningelala humo nimkere. Ni mtu mwema, ndiyo maana siingii."

"Kanuni ni kaya moja, hema moja. Kaya ni wanaokula chungu kimoja."

Bibi akamtazama. "Umesema chungu, baba?"

Mwacha mila ni mtumwa, lakini bibi hakukusudia kufa kwa kichomi kwa ajili ya mila. Kesho yake aliokota mafiga matatu, akaazima sufuria, akaanza kujipikia mlenda aliouchuma pembeni mwa uwanja, mtupu, bila ugali. Mama alimpelekea chakula, akakirudisha. Nikampelekea michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, aliyoipenda kuliko nyama, akainusa, akanirudishia. "Wasalimie kwenu," aliniambia, kana kwamba nimetoka kijiji cha pili.

Siku ya nne karani alipita na daftari lake. Aliyatazama mafiga, moto, na bibi aliyekuwa amekonda mashavu. Akachuchumaa. "Shikamoo. Jina la mkuu wa kaya?"

Bibi alilitaja lake, na la baba yake, na la babu yake. Hema lake lilisimama adhuhuri. Alasiri mvua ikashuka.

Tangu hapo nimehama sana: Kahama, Mhunze, sasa Nkome kwenye dagaa. Kila mwenye nyumba aliponitaka niondoke kabla ya muda, nilifunga mizigo na kujiita mtu wa safari. Wiki iliyopita wa hapa naye kaniambia nimpishe, mkataba ukiwa umebakiza miezi mitano. Nimemwonyesha karatasi aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe, nikamwambia sihami, nikarudi kugeuza dagaa wangu.