Mama Aliyefika Kinyumenyume

Haya yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu na tumboni nina chai ya rangi, si kitu kingine. Nasema mapema kwa sababu najua utakavyonitazama nikifika katikati.

Mimi ni fundi wa kompyuta, nakaa Bulyaga. Akina mama wafugaji wa kijiji kimoja upande wa Mpuguso walijenga kituo chao cha kukusanyia maziwa, tofali kwa tofali, wakaniita niwawekee skrini kubwa ukumbini. Walitaka ioneshe bei ya siku, matangazo na picha za waasisi wao. Nyuma yake nilifunga kompyuta ndogo, ile ya bodi moja tupu inayoenea kwenye kiganja. Ukiiwasha, yenyewe inafungua kivinjari, ile programu ya kuonesha kurasa, nacho kinajaza skrini yote. Huoni kitufe wala kishale, unaona ukurasa tu. Nimezifunga nyingi, na bila majivuno ya bure, zinafanya kazi.

Waasisi walikuwa wawili, na wote wameshafariki. Mzee Asajile alitoa ng'ombe wa kwanza wa maziwa na kipande cha shamba. Tupokigwe, mke wa mwanawe, alibeba maziwa kichwani hadi Tukuyu mjini miaka na miaka, na mvua ya huku unaijua. Mwenyekiti wa kikundi, Mama Lugano, ni binti wa Tupokigwe, na Mzee Asajile ni babu yake. Alinipa picha mbili.

"Fundi, waweke pamoja, bega kwa bega," aliniambia. "Babu anatajwa kila mkutano. Mama yangu hajatajwa hata siku moja. Kesho mgeni rasmi akija kutufungulia, nataka uso wa mama uwe pale juu, watu wote wauone."

Unaelewa nilichobebeshwa? Haikuwa kazi ya waya tu.

Jioni ya kuamkia ufunguzi, skrini ikakataa. Bei inakuja vizuri, matangazo yanakuja vizuri, ukifika ukurasa wa waasisi kivinjari kinajifunga na skrini inabaki nyeusi. Nikaanza kwa utaratibu, kama ninavyofanya siku zote. Chaja ilikuwa dhaifu, mtu alichomeka ya simu; nikaibadilisha. Mashine ilikuwa imepangwa kuzima skrini isipoguswa; nikaondoa. Kivinjari kilikuwa kikilalamika kwamba mara ya mwisho hakikufungwa vizuri, na lalamiko lake linaziba ukurasa, nikalinyamazisha. Hayo yote yalikuwa makosa ya kweli, na yote niliyamaliza.

Ukurasa wa waasisi ukazima tena.

Nikaweka picha ya mzee peke yake. Ikakaa. Nikaweka ya mama peke yake. Ikakaa. Nikawaweka pamoja, giza. Nikazipunguza ukubwa, giza. Nikatafuta kwenye simu yangu picha mbili za ng'ombe, nikaziweka mahali pao. Niamini, ng'ombe wale walikaa bega kwa bega bila ugomvi wowote. Nikarudisha waasisi, giza. Na mashine, kila nikiiuliza, inajibu kwamba haioni kosa.

Mama Lugano alikuwa ameenda nyumbani kwake, hapo jirani, kuangalia masufuria ya sherehe. Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka huoni migomba. Ndipo nikasikia mtu akikohoa kidogo mlangoni, kile kikohozi cha mtu anayeomba kupita.

Alikuwa mwanamke, amesimama nje ya kizingiti, kibuyu cha maziwa mkononi, khanga imevutwa kufunika kichwa. Alikuwa amenipa mgongo.

"Ugonile, mwanangu," alisalimia, bila kugeuka.

"Ndaga, mama. Karibu. Lakini maziwa ya jioni wameshapokea."

"Yule mzee bado yumo?"

"Mzee yupi? Niko peke yangu."

"Yumo. Amekaa pale mbele." Akacheka kwa chini, kicheko cha mtu aliyechoka. "Miaka yote akitokea njiani, mimi naingia kwenye migomba mpaka apite. Sasa mmenibandika naye ukutani. Haya, ninyi watoto wa mjini, niambie: ukutani nikimbilie wapi?"

Niligeuka kutazama skrini, nadhani ili nisimtazame yeye. Ilikuwa nyeusi. Nilipogeuka tena mlangoni palikuwa na ukungu tu.

Mtu mwingine angekimbia. Mimi nina tabia mbaya ya kutaka kuona. Nikawasha tochi ya simu nikatoka. Mvua ilikuwa imenyesha mchana na udongo wa pale mlangoni ulikuwa laini kama uji. Palikuwa na nyayo za miguu mitupu zinazotoka njiani hadi kizingitini, na visigino vyote vilielekea mlangoni. Alikuja kinyumenyume, hatua kwa hatua, ili asimwone mzee. Nyayo za kuondoka hazikuwepo.

Mama Lugano alinikuta nimechuchumaa pale. Nilimweleza yote. Hakupiga kelele. Aliziangalia zile nyayo, halafu akakaa kwenye ngazi.

"Mkamwana hamtazami baba mkwe," alisema. Mkamwana ni mke wa mtoto. "Wala hatamki jina lake. Sisi wa siku hizi tumeacha, tunakula nao meza moja. Mama hakuacha. Alimuuguza babu mpaka mwisho, chakula anakiacha nyuma ya pazia. Amekufa hajawahi kumwona usoni." Akafuta macho kwa ncha ya khanga. "Na mimi nikasema picha ni picha."

Nikamwambia, kwa sauti ya fundi anayetaka kulala, kwamba basi tumwache mzee peke yake, kazi iishe.

"Thubutu! Mama arudi tena migombani? Kesho? Hapana." Akasimama. "Una kompyuta nyingine kama hiyo?"

"Nyumbani ninayo moja."

"Ifuate. Televisheni chukua ya sebuleni kwangu. Wajukuu watanisema, waache waseme."

Tukamwacha mzee ukumbini. Tupokigwe tukampeleka chumba cha kupokelea maziwa, chenye mlango wake mwenyewe, ukuta mzima wa tofali ukiwa katikati. Nikawasha zote mbili. Picha zikatulia, wala hazikupepesa.

Kesho yake mgeni rasmi, mtu wa mkoa mwingine, aliuliza kwa nini kikundi kidogo kina skrini mbili. Mama Lugano akanyoosha shingo.

"Mheshimiwa, ukumbini yupo babu yangu. Huku yupo mama yangu, mkamwana wake. Ndiye aliyebeba maziwa yenyewe. Kwetu hawa hawakai chumba kimoja."

Yule bwana akavua kofia, akaingia chumba cha maziwa kwanza. Vigelegele vilivyopigwa pale! Bibi mmoja alilitamka jina la Tupokigwe kwa sauti mpaka akakauka koo, na wengine wakalipokea. Nilisimama nyuma na bisibisi yangu mfukoni, na sijawahi kujivunia kazi kama siku ile.

Skrini zile zipo hadi leo. Hazijazima tena, isipokuwa umeme ukikatika. Akina mama wanaoleta maziwa humsalimia Tupokigwe asubuhi wakipita, na wengine hupiga goti kidogo. Mafundi wenzangu wananicheka kwamba nilishindwa kuweka picha mbili kwenye ukurasa mmoja. Wacheke tu. Sijajaribu tena kuziunganisha, hata kwenye kompyuta yangu ya nyumbani, na sitajaribu.

Nawe unayesikia haya, siku ukipewa picha za waliotangulia uzipange ukutani, uliza kwanza walivyoishi: nani alimpisha nani njiani, nani hakulitamka jina la nani. Kuna watu walitunza heshima hadi kaburini. Usiwalazimishe waivunje kwa ajili ya sherehe yako ya siku moja. Watakuja kukuambia, na utaongea na mgongo.