Scholastika Hasemi "Vumilia"

Jumatatu ile Scholastika aliingia ofisini kwa mganga mfawidhi bila kuitwa, akavuta kiti, akakaa. Daktari Obadia alikuwa anakunywa chai. Alimtazama mtaalamu wake pekee wa usingizi, mama wa miaka arobaini na tatu, mfupi, mzaliwa wa Mkotokuyana, kofia ya kijani ya chumba cha upasuaji bado kichwani, akajua asubuhi yake imeharibika.

"Naomba fentanili," Scholastika alisema. "Kichupa kimoja, kwa ajili ya Alhamisi."

"Hilo tulishaliongea."

"Uliliongea wewe, daktari. Mimi ndiyo nimekuja kuongea leo."

Mwanamke anayejifungua kwa kupasuliwa huchomwa sindano ya ganzi mgongoni, miguu ikafa, kisu kikapita bila yeye kusikia. Lakini kuna mahali ganzi ile peke yake haitoshi. Mtoto akishatolewa na daktari akaanza kuushika mfuko wa uzazi ili aushone, wengi huhisi wanavutwa kitu ndani kabisa ya tumbo. Wengine hutapika, wengine hulia. Ukichanganya ganzi hiyo na fentanili kidogo tu, chini ya nusu mililita, maumivu hayo hupungua sana, na hata saa za mwanzo wodini huwa nafuu. Scholastika alijifunza jambo hilo kwenye mafunzo ya wiki mbili. Aliporudi Ruangwa akakuta dawa ipo hapo hapo hospitalini, imefungiwa kwenye kabati la dawa kali, na funguo anazo Obadia.

Kabla ya mafunzo, kwa miaka tisa, yeye mwenyewe alikuwa akiinama kichwani kwa wagonjwa na kuwaambia, "Vumilia mama, tunamaliza." Alilitoa neno hilo kama salamu. Mpaka siku moja kwenye mnada wa ufuta, Nandagala, mwanamke mmoja aitwaye Binti akamsimamisha mbele za watu.

"Wewe nakujua kwa sauti," Binti alisema. "Nilikuwa nakwambia naumia, unaniambia nivumilie. Uliniona muongo?"

Scholastika aligeuka, akarudi nyumbani. Hakununua alichokwendea. Tangu siku hiyo neno lile halikumtoka tena, na kila aliposikia nesi mwingine akilitamka, alimgeukia na kumuuliza, "Avumilie mpaka lini?"

Na sasa alikuwapo Yunisi. Mumewe, Masanja, alimleta Jumapili kwa pikipiki kutoka kwenye malisho yao, mbele ya Narung'ombe. Walikuwa wamehamia na ng'ombe wao kutoka Kanda ya Ziwa miaka miwili iliyopita. Uzazi wa kwanza Yunisi alipasuliwa huko huko kwao. Safari hii mtoto alikuwa amelala mkingamo tumboni, hakuna njia nyingine ila kupasuliwa tena. Yunisi alisikiliza yote, akashukuru kwa adabu, kisha akakataa kutia saini.

"Kule ndani sirudi," alisema. "Mara ile niliisikia mikono ya watu tumboni mwangu. Afadhali nikafie kwangu."

Manesi wakaanza kunong'ona kwamba hawa watu wa ng'ombe ni wabishi. Scholastika akawakatiza. "Huyu si mbishi. Huyu anakumbuka." Akaketi ukingoni mwa kitanda, akamweleza Yunisi habari ya ile dawa ya kuongeza.

"Unayeniahidi ni wewe au hospitali?" Yunisi aliuliza.

"Ni mimi."

Masanja, aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, akasema taratibu, akimwita mama kwa lugha ya kwao, "Mayu, usije ukamdanganya mke wangu."

Ndiyo maana Scholastika alikuwa kwenye kile kiti, na hakuwa na haraka ya kuinuka.

Obadia akaweka kikombe chini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu. "Dawa ile inaweza kumpunguzia mtu pumzi. Wodini kuna nesi mmoja kwa vitanda kumi na vinane. Akizimika, nani atamwona?"

"Mimi. Nitakaa naye nikihesabu pumzi zake mpaka jioni. Nesi Moza wa wodini nimeshamfundisha, atanipokea."

"Scholastika, wanawake wa huku wamezoea uchungu."

"Nani alikwambia wamezoea? Ulimuuliza yupi?" Sauti yake ilipanda, hakuishusha. "Wewe ulipotolewa jino mwezi wa tatu uliomba ganzi mara mbili. Nilikuchoma mimi."

Obadia alicheka bila kupenda. "Mgonjwa mmoja," akasema. "Akipata shida ya kupumua, barua ya kukusimamisha kazi nitaiandika mwenyewe."

"Iandike kabisa, daktari. Uache nafasi ya tarehe."

Alhamisi saa tatu asubuhi Yunisi, saini ameshaitia, aliketi juu ya kitanda cha upasuaji, mgongo ameukunja, mikono imemkumbatia Moza shingoni. Scholastika alichanganya dawa mbili ndani ya bomba moja, akachoma taratibu, akamlaza. Obadia akaanza kazi. Mtoto wa kike alitoka akipiga kelele, akapelekwa kufutwa. Kisha ikafika ile sehemu. Obadia aliushika mfuko wa uzazi, na bila kujijua akasimamisha mikono, akisubiri mlio aliouzoea.

Kimya.

"Amelala?" aliuliza.

"Hajalala," Scholastika alijibu. "Nipo namkuna pua. Inamwasha."

Kuwashwa huko ni tabia ya dawa ile, na Yunisi alikuwa ameshaambiwa. Akauliza kwa sauti ya kawaida kama mtoto ana nywele nyingi. Ana, wakamwambia. Obadia akaendelea kushona mpaka uzi wa mwisho.

Scholastika alitimiza ahadi yake. Alikaa kwenye kigoda wodini, saa mkononi, akihesabu kifua kikipanda na kushuka, pumzi kumi na nane, kumi na saba, kumi na nane. Masanja alimletea maziwa ya mgando kwenye kidumu, akanywa pale pale bila kuondoa macho kwa mgonjwa. Jioni akampokeza Moza, akaenda kulala.

Obadia hakumsifu. Wiki iliyofuata alimpa vichupa viwili. Baada ya miezi miwili dawa iliisha, ikakawia kuja. Siku hizo Scholastika alimwambia kila mama ukweli kabla ya sindano: leo ninayo ganzi tupu, utasikia kuvutwa, ukiumia niambie, nitasimamisha mikono ya daktari na kukupa dawa nyingine. Mara mbili aliisimamisha kweli, na Obadia alingoja.

Dawa iliporudi, alipanda basi kwenda hospitali ya Nachingwea siku yake ya mapumziko, akawafundisha wenzake wawili wa kazi ileile. Mkubwa mmoja wa huko akampigia simu akiwa njiani kurudi.

"Umepata wapi ruhusa ya kuwafundisha watu wangu?" aliuliza.

"Kwa wagonjwa wako," Scholastika alisema. "Jumamosi ijayo nakuja tena."