Ufa Chini ya Rangi

Watu wa mtaa ule walimwita Fundi Msasa, kwa sababu akikupa mkono viganja vyake vilikukwaruza. Miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa moja: kufufua rimu za alumini zilizoliwa na kutu. Kutu ya alumini si nyekundu kama ya chuma. Hufura chini ya rangi, rangi ikainuka kama lengelenge, na ukilipasua unakuta unga mweupe kama chumvi. Aliukwangua unga huo, akasugua, akaziba vishimo kwa pati, akapaka rangi. Ila kabla ya pati kulikuwa na kipimo asichokiruka: aliipaka rimu mafuta ya taa, akaifuta ikauka, kisha akainyunyizia unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani hujitokeza na kulowesha chaki, ukauona mstari.

Alikiruka mara moja tu, Jumanne moja, na gari lilikuwa la shemeji yake, kaka wa mkewe.

"Kesho mama ana miadi na daktari," shemeji alimwambia. "Ukizibembeleza hizo rimu mpaka keshokutwa, tutamkosa daktari."

Basi fundi akaziba na kupaka rimu zote nne siku hiyohiyo. Zikang'aa kama sahani za harusi.

Asubuhi gari liliondoka, shemeji kwenye usukani, mke wa fundi pembeni yake, mama mkwe kiti cha nyuma. Njia ya hospitali ilishuka mlima wenye kona saba.

Karakanani ilibaki rimu ya tano, ya spea. Fundi aliikwangua bila haraka, akaipaka mafuta ya taa, akaifuta, akanyunyiza chaki, akaenda kunawa mikono. Aliporudi, mstari ulikuwepo: mwembamba kama unywele, kutoka tundu la nati hadi ukingoni. Rimu tano zile zilinunuliwa pamoja na zilikanyaga tope moja. Kama hii imepasuka, zile nne je?

Alimpigia shemeji. Simu ikaita mpaka ikakatika; shemeji hapokei simu akiendesha, na fundi mwenyewe alizoea kumsifu kwa hilo. Ya mkewe ilikuwa imezimwa. Akatia chaki mfukoni, akabeba chupa ya mafuta ya taa, akasimamisha pikipiki, yeye ambaye hakuwa amepanda pikipiki tangu alipoanguka nayo ujanani.

"Mzee, unanikaba," dereva alilalamika.

Hakulegeza mikono. Kila kona alitazama bondeni kwanza, ndipo akatazama barabara. Akilini aliona gurudumu likichomoka na kutangulia peke yake, gari likifuata kwa tumbo. Kona ya nne watu walikuwa wamejazana ukingoni, wote wanatazama chini. Akampiga dereva begani asimame.

"Lori limemwaga matofali," dereva alisema, akapita.

Aliwakuta kwenye kituo cha mafuta baada ya kona ya tano. Mama mkwe alikuwa ameomba kwenda msalani.

"Baba watoto, kuna nini nyumbani?" mkewe aliuliza, akishuka.

"Nyumbani salama. Zima gari, shemeji. Lete jeki."

Alifungua gurudumu la nyuma kushoto, akakwangua rangi upande wa ndani, akapaka mafuta, akafuta, akanyunyiza chaki. Wakasubiri. Chaki ikabaki nyeupe.

"Umetutisha bure," shemeji akasema.

Fundi akahamisha jeki. Nyuma kulia, hakuna kitu. Mbele kulia ndiyo rimu iliyompendeza kuliko zote, ile aliyoisugua akipiga mluzi. Aliinyunyizia chaki nyingi hadi nyingine ikamwagikia viatu. Punde mstari wa majimaji ukaanza kutambaa kutoka tundu la nati, mrefu kuliko ule wa spea.

Mama mkwe alisogea, akainama na kuutazama.

"Ulijua?"

"Sikujua, mama. Sikupima. Nilijua kwamba sijapima."

Mama akajiinua. "Mficha uchi hazai," akasema. "Haya, nitafutieni gari jingine."

Walikodi teksi. Mama alimwona daktari, akiwa amechelewa, baada ya kusubiri mpaka mchana. Fundi alikaa nje ya mlango wa daktari akiwa amebana mikono katikati ya magoti, na mkewe alipomshika bega alishtuka kama aliyeguswa na waya wa umeme.

Gari lilirudishwa limebebwa. Rimu ya mbele kushoto ilipopimwa, ilikuwa nzima. Zile mbili zenye ufa fundi alizivunja kwa nyundo vipande vipande, asije mtu akaziokota na kuzipaka rangi.

Shemeji alikaa wiki tatu bila kumsalimia. Ya nne alileta rimu mpya za chuma, nyeusi, zisizo na urembo.

"Nifungie," alisema.

Fundi akazifunga. Akakaza nati, akazirudia, akazirudia tena, jasho likimtiririka ingawa palikuwa na baridi, mpaka shemeji akamtoa spana mkononi taratibu, akaiweka chini.